Uasilia wa CD: Sauti, Karatasi na Plastiki

CD ya muziki iliyokwisha kutumika hupewa alama mbili inapouzwa kati ya wakusanyaji: moja ya diski, nyingine ya kasha na karatasi zake. Ngazi za alama hizo ni zile zilizoenezwa na jarida la Marekani la Goldmine kwa ajili ya santuri, kuanzia upya kamili hadi uchakavu wa mwisho. Soko la Discogs, lililoanzishwa mwaka 2000, nalo humtaka muuzaji azitaje zote mbili. Utaratibu huu unaonekana kuwa wa biashara tu, lakini umebeba msimamo wa kifalsafa, kwamba kitu kinachoitwa CD ni vitu viwili, na kimoja chaweza kuwa kizima huku mwenzake ameharibika. Hapo ndipo swali linapozaliwa. Je, CD iliyopoteza kasha lake la awali ni CD ileile? Kama ni ileile, kwa nini bei yake hushuka? Na kama siyo, ni nini kilichotoweka, ilhali kila sauti iliyokuwamo ingalimo?

Diski yenyewe ni plastiki ya polikaboneti yenye upana wa sentimita 12 na unene wa milimita 1.2. Juu yake kuna tabaka jembamba sana la alumini, kisha vanishi ya kuikinga, kisha chapa ya jina la albamu. Kiwanda cha PolyGram kilichokuwa Langenhagen, karibu na Hannover, kilianza kuzitoa Agosti 1982, na tarehe 1 Oktoba mwaka huo Sony ikaanza kuuza mashine ya kuzichezea, CDP-101, nchini Japani. Kasha la kawaida lina vipande vitatu vya polistirini: mfuniko, kitako, na trei yenye meno yanayoshika tundu la katikati. Kijitabu huchomekwa mfunikoni chini ya vichupo vidogo. Karatasi ya nyuma hulala kati ya trei na kitako, kingo zake mbili zikikunjwa ili zisomeke ubavuni kasha linapopangwa rafuni, na anayetaka kuitoa hana budi kung'oa trei kwanza. Karatasi hizo mbili zilichapishwa kwa ajili ya albamu moja tu. Plastiki haikutengenezwa kwa ajili ya albamu yoyote. Iliagizwa kwa maelfu na ikavishwa chochote kilichokuja. Sehemu kubwa ya mjadala inategemea tofauti hiyo.

Sauti ya CD huhifadhiwa kwa namba: sampuli 44,100 kwa kila sekunde, kila sampuli ikiwa na biti 16, kwa upande wa kushoto na wa kulia. Namba hunakiliwa bila kupungua. Mtu aliyerekodi santuri kwenye kanda alipoteza kitu kila mara, na aliyenakili kanda kutoka kwenye kanda alipoteza zaidi. Kwa CD hali ni nyingine kabisa. Zipo programu za kunakili zinazolinganisha matokeo yake na namba za uhakiki zilizotolewa na watu wengine wenye diski ya chapa ileile, na zikilingana, hakuna biti hata moja iliyopotoka. Mwanafalsafa Nelson Goodman, katika kitabu chake cha mwaka 1968 kuhusu lugha za sanaa, alizigawa sanaa katika makundi mawili. Katika kundi la kwanza, kama uchoraji, nakala iliyo sahihi kupita kiasi hubaki kuwa bandia, kwa sababu mkono wa mchoraji haukuigusa. Katika kundi la pili, kama ushairi, nakala isiyo na kosa ni kazi yenyewe. Hakuna awezaye kughushi shairi la Muyaka bin Haji kwa kulinakili vizuri. Akilinakili vizuri, amelitoa shairi la Muyaka. Muziki uliomo kwenye CD unaangukia kundi hili la pili. Kwa hiyo nakala iliyofanywa chumbani kwa uangalifu, kwa upande wa sauti, ina haki sawa na diski iliyotoka kiwandani.

Hoja moja huletwa kuipinga kauli hiyo, nayo inastahili jibu. Albamu moja hutolewa mara nyingi, na kila toleo laweza kuandaliwa upya studioni. Matoleo mengi ya tangu miaka ya 1990 yalikuzwa sauti hadi tofauti kati ya pigo dogo na pigo kubwa ikafifia, na wapo wanaozisaka CD za miaka ya 1980 kwa sababu hiyo hasa. Wana haki. Lakini wanachokitafuta kimo ndani ya namba, si ndani ya kasha, na nakala ya toleo la zamani huchukua uzuri wake wote. Tena kasha si shahidi wa kutegemewa kuhusu toleo. Diski huhama kutoka kasha moja hadi jingine mikononi mwa watu, na ushahidi thabiti ni ile mistari ya herufi na tarakimu iliyochongwa kwenye duara la ndani, karibu na tundu, ambayo mkusanyaji huisoma kwa kuinamisha diski chini ya taa.

Basi uasilia ukikosa makao ndani ya sauti, hubakiwa na mahali pamoja tu: kitu chenyewe kama kitu. Walter Benjamin aliandika mwaka 1935 kwamba kazi ya sanaa iliyozalishwa kwa mashine hupoteza haiba inayotokana na kuwapo kwake mahali pamoja kwa wakati mmoja. Wakusanyaji wa CD wamefanya jambo ambalo hoja yake haikulitarajia. Wameirudisha haiba hiyo ndani ya bidhaa ya kiwandani, tena bidhaa ya kidijiti, kwa kuitafuta kwenye kijitabu kilichopauka na kibandiko cha bei cha duka lililokwisha kufungwa. Huenda Benjamin mwenyewe asingeshangaa. Naye alikuwa mkusanyaji wa vitabu, na mwaka 1931 alichapisha insha kuhusu kuitoa maktaba yake masandukuni, akieleza jinsi kila nakala inavyombebea mwenyewe kumbukumbu ya mji na mnada ilikopatikana.

Historia ya muziki uliorekodiwa haitoi jibu la moja kwa moja. Siti binti Saad aliporekodi Bombay mwaka 1928, santuri zake za mizunguko 78 ziliuzwa, kama santuri nyingi za wakati huo, ndani ya mifuko ya karatasi iliyochapwa jina la kampuni, ikiwa na tundu katikati ili lebo isomeke. Mfuko huo haukumjua Siti. Ungeweza kubeba hotuba au bendi ya jeshi. Hata hivyo hakuna aliyewahi kudai kwamba wasikilizaji wake wa Unguja na Mombasa walipata muziki pungufu. Baadaye jalada likawa na kazi yake. Mwaka 1967 The Beatles walichapa maneno ya nyimbo zote nyuma ya jalada la Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band, na tangu hapo ikawa kawaida kwa msanii kuyapanga maandishi na picha kama sehemu ya anachotaka kusema. CD ilirithi desturi hiyo kwa kipimo kidogo zaidi. Jalada la sentimita 30 likabanwa likawa sentimita 12, na maelezo yakahamia kwenye kijitabu.

Kijitabu ndicho kinachostahili kutazamwa kwa muda mrefu. Gérard Genette, katika kitabu cha mwaka 1987, alichunguza vitu vyote vinavyoizunguka matini ya kitabu, kama jina, jalada, dibaji na tanbihi. Akavieleza kuwa mpaka ambao msomaji huupita akiwa njiani kuingia, na ambao hubadilisha namna anavyosoma. Mfano mzuri kwa masikio ya Waswahili ni mfululizo wa Zanzibara, ulioanza kutolewa mwaka 2005 na kampuni ya Buda Musique ya Paris chini ya uhariri wa Werner Graebner. CD ya kwanza iliwahusu Ikhwani Safaa, kikundi kilichoanzishwa Unguja mwaka 1905, kikiwa kinatimiza miaka 100. Msikilizaji anayeipata diski hiyo pamoja na kijitabu chake hupata habari za kikundi, za watu wake na za nyimbo. Anayepata sauti peke yake husikia qanuni, fidla na sauti za waimbaji, akapendezwa, lakini hana pa kuanzia kuuliza maswali.

Taarabu inalionyesha jambo hili kwa uwazi kuliko aina nyingi za muziki, kwa kuwa kazi yake hugawanywa. Mshairi huandika, mwingine hutunga muziki, wa tatu huimba, na nyuma yao wamo wapigaji ambao mashabiki waliwafahamu kwa majina. Sauti ya mwimbaji hujitambulisha yenyewe. Mshairi hana namna ya kujitambulisha isipokuwa kwa maandishi. CD ilipoanza kunakiliwa mitaani kwa mfumo wa MP3, diski moja ikibeba nyimbo mia na zaidi ndani ya mfuko mwembamba wa plastiki, sauti zilisambaa kwa upana ambao kampuni hazikuwahi kuufikia, na hilo lilikuwa na kheri yake. Lakini karatasi ilipotupwa, mshairi alitupwa nayo. Faili likaandikwa jina la mwimbaji na neno moja la wimbo, mara nyingi kwa makosa, na kizazi kilichokua na faili hilo kikaamini kwamba aliyeimba ndiye aliyetunga. Huu ni upotevu wa haki ya mtu, na ndio sababu nzito kuliko zote ya kukitunza kijitabu. Uzuri wa picha na bei ya mnadani haviikaribii.

Mtu anaweza kusema kwamba kijitabu nacho hunakilika: kikiskaniwa, majina yote yamehifadhiwa. Ni kweli kwa habari zilizoandikwa. Lakini mtu anayeskani huchagua kurasa anazoziona zina maana, kwa ubora anaouona unatosha, na maswali ya watafiti wa baadaye hayajulikani leo. Karatasi ya asili hubeba pia mambo ambayo hakuna aliyekusudia kuyasema: jina la mchapaji kwenye ukingo, aina ya wino, anwani ya studio, kibandiko cha duka, sahihi ya mpigaji gitaa iliyopatikana mlangoni baada ya onyesho. Igor Kopytoff, mwanaanthropolojia, alipendekeza mwaka 1986 kwamba vitu viandikiwe wasifu kama watu: vilizaliwa wapi, vilipita mikononi mwa nani, vilithaminiwa vipi kila mahali. Wasifu wa namna hiyo hauandikiki kutokana na faili. Kijitabu cha asili basi kina thamani mbili, ya habari na ya ushahidi. Ya kwanza huhamishika, ya pili haihamishiki.

Plastiki ni jambo jingine. Sehemu inayovunjika kwanza ni yale masikio mawili yanayoushika mfuniko kwenye kitako. Kasha likianguka sakafuni mara moja, sikio moja huondoka na mfuniko huanza kuning'inia upande. Meno ya trei hufuata, na jino lililokatika hubaki likicheza ndani ya kasha na kuikwaruza diski kila linapotikiswa. Aliyeamua kulitunza kasha hilo kwa sababu ni la asili anaitesa diski kwa ajili ya kipande cha polistirini kisicho na jina la mtu. Hapa hukumu haina ugumu: kasha la kawaida libadilishwe. Hata hivyo wapo wasiokubali. Makasha ya miaka ya mwanzo yalikuwa na kingo laini, ilhali ya baadaye yana mistari iliyoinuka, na kwa mkusanyaji makini CD ya mwaka 1984 iliyo ndani ya kasha la mistari ni kosa linaloonekana kutoka mbali.

Kisa cha kale cha merikebu ya Theseus, kilichosimuliwa na Plutarch, husaidia kupima dai hilo. Waathene waliitunza merikebu hiyo kwa kubadilisha mbao zilizooza, hadi wanafalsafa wakagawanyika kama ingali ileile. Thomas Hobbes, katika karne ya 17, aliongeza ugumu: je, kama mtu angezikusanya mbao zilizotolewa akaziunganisha upya, merikebu ya kweli ingekuwa ipi? Kwa CD, swali la Hobbes ni la kila siku. Muuzaji hununua albamu isiyotakiwa na mtu, iliyo ndani ya kasha la kingo laini, akalivua kasha hilo na kuivika albamu ya bei. Kila kipande cha kitu anachokiuza ni cha umri unaofaa. Plastiki ni ya kweli, karatasi ni ya kweli, diski ni ya kweli, lakini historia ni ya uongo, kwa kuwa vipande hivyo havikuwahi kuwa pamoja. Mkusanyaji aliyeridhika nacho amedhihirisha kwamba alichotaka ni mwonekano unaolingana na mwaka. Asiyeridhika anataka mfululizo wa maisha ya kitu kimoja, na huyo hana njia ya kuuthibitisha kwa kutazama plastiki.

Swali la kama kifuniko kinaingia katika hukumu ya kilichomo lilijadiliwa kwa makini na mafakihi karne nyingi kabla ya CD. Kulitaja hapa ni kwa ajili ya namna ya kufikiri, si kwa kulinganisha heshima, maana msahafu haulinganishwi na bidhaa yoyote. Imam Nawawi, mwanazuoni wa karne ya 13, katika Minhaj, kitabu kinachotegemewa katika madhehebu ya Shafi ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa mwambao, anaeleza kwamba asiye na udhu hakatazwi kugusa kurasa za msahafu tu, bali na jalada lake pia, kwa kauli iliyo sahihi, pamoja na mfuko au sanduku lililowekewa msahafu ukiwa ndani yake. Waliokuja kuufafanua mjadala huo waliuliza: vipi jalada likishatengana na msahafu? Wako waliosema hukumu imeondoka, na wako waliosema inabaki maadamu jalada hilo bado linahusishwa na msahafu ule. Likishatumika kufunga kitabu kingine, uhusiano umekatika na katazo halipo tena. Kipimo walichokifikia kinapita ugusano wa mwili. Kitu huwa sehemu ya kingine kwa kuunganishwa nacho, kwa kutengenezwa kwa ajili yake, na kwa kuendelea kujulikana kwa jina lake.

Kipimo hicho kikipelekwa kwenye CD, hutenganisha vizuri. Kijitabu na karatasi ya nyuma vilitengenezwa kwa ajili ya albamu moja, vina jina lake, na hata vikipatikana peke yake droo ya chini kila mtu atasema ni vya albamu fulani. Kasha tupu la kawaida likipatikana droo hiyohiyo halina cha kulihusisha na chochote. Kwa hiyo karatasi ni sehemu ya kazi hata ikitengana, na plastiki ni chombo hata ikiwa imeambatana.

Ziko albamu ambazo hukumu hiyo haizifai, kwa kuwa watengenezaji wake walilifanya kasha kuwa usemi. Mwaka 1997 kundi la Uingereza la Spiritualized lilitoa Ladies and Gentlemen We Are Floating in Space ikiwa imefungwa kama dawa ya hospitali. Kulikuwa na toleo ambalo diski ilikaa ndani ya pakiti ya karatasi ya alumini na plastiki kama kidonge, na maelezo yaliandikwa kwa mtindo wa karatasi ya mfamasia. Anayetaka kuisikiliza lazima aitoboe alumini, kama mgonjwa anavyokitoa kidonge. Aliyetoboa amesikia muziki na ameliharibu kasha. Asiyetoboa analo kasha zima na hajasikia kitu. Wazo la albamu, kwamba muziki ni tiba, linahitaji alumini itobolewe, kama vile dawa isiyomezwa haijamtibu mtu. Ni vigumu kukwepa kusema kwamba nakala iliyotobolewa imekamilisha kusudi la msanii kuliko ile iliyofungwa, ingawa soko linahesabu kinyume.

Pulse ya Pink Floyd, ya mwaka 1995, ilikuja na taa ndogo nyekundu ubavuni mwa kasha, iliyokuwa ikiwaka na kuzima kama mapigo ya moyo, ikiendeshwa na betri. Betri hufa. Mwenye kasha ana njia mbili: kuiacha betri ya asili mahali pake, taa ikiwa imezima, au kutia betri mpya ili taa iwake. Kinachohifadhiwa katika njia ya kwanza ni maada, na katika njia ya pili ni tendo. Albamu iliyoitwa kwa jina la mapigo haikukusudiwa ikae bila kupiga. Tena betri kuukuu huvuja na kuila saketi, kwa hiyo anayeshikilia uasilia wa betri anaelekea kuipoteza taa pia.

Uharibifu wa namna hiyo hauko kwenye betri peke yake. CD nyingi zilizotengenezwa kati ya mwaka 1988 na 1993 na kiwanda cha PDO huko Blackburn, Uingereza, zilianza baadaye kubadilika rangi kuwa kama shaba, kuanzia ukingoni kuelekea katikati, na mwishowe kushindwa kucheza. Vanishi iliyotumika haikuhimili salfa iliyokuwamo kwenye karatasi za majalada, na alumini ikaliwa. Maseti ya CD nyingi ya miaka ya 1980 nayo yaliwekewa vipande vya sponji ili diski zisicheze ndani ya kasha. Sponji hiyo ikizeeka huyeyuka na kugandamana na uso wa diski. Katika mifano hii karatasi ya asili ndiyo adui, na sponji ya asili ndiyo ugonjwa. Fundisho linaloamuru kila kitu kibaki kama kilivyotoka kiwandani linafikia hapa ukomo wake, kwa sababu kulitii ni kuiangamiza sauti. Njia ya busara ni kuvitenganisha: diski iwekwe kwenye mfuko salama usio wa PVC, karatasi itunzwe pembeni, sponji itupwe baada ya kupigwa picha. Maktaba hufanya hivyo bila majonzi. Mkusanyaji huumia, kwa kuwa ameukata umoja ambao kwake ulikuwa ndio kitu chenyewe.

CD ambayo haijafunguliwa, yenye nailoni yake ya kiwandani, huuzwa ghali kuliko zote, na hapa swali linaingia kwenye dini waziwazi. Katika Kanisa Katoliki masalia ya watakatifu hukaa ndani ya kasha dogo lililofungwa kwa uzi na lakiri yenye muhuri, pamoja na hati ya kuthibitisha. Lakiri ikivunjika, masalia hayo hayawekwi tena hadharani kwa heshima hadi yathibitishwe upya. Nailoni ya CD inatakiwa kufanya kazi ileile ya kuthibitisha kwamba hakuna mkono uliofika. Lakini lakiri ya askofu ina askofu nyuma yake, na mashine ya kufungia nailoni hununuliwa na yeyote. CD iliyofunguliwa na kufungwa upya huwapita hata wanunuzi wenye uzoefu. Tena masalia hufungwa ili yaheshimiwe kwa sala za watu wengi. Muziki uliofungwa hausaidii sala ya mtu wala furaha yake.

Dini zote mbili kubwa za Afrika Mashariki zina neno kuhusu kurundika. Sura ya At-Takathur inashughulika na watu walioghafilishwa na kushindana kwa wingi, na Injili ya Mathayo, katika sura ya 6, inazungumzia hazina zinazoliwa na nondo na kutu, jambo ambalo mwenye diski iliyogeuka rangi ya shaba analielewa vizuri. Mafundisho haya hayakatazi kutunza. Zuhudi, kama walivyoieleza wanazuoni wengi, ni moyo usiomilikiwa na kitu, si mkono usioshika kitu. Mtu anaweza kuwa na CD 2,000 zilizopangwa vizuri, akazisikiliza, akaazima, akajibu maswali ya watafiti, bila kufungwa nazo. Mwingine anaweza kuwa na moja tu, akakosa usingizi kwa sababu ya mkunjo kwenye kona ya kijitabu. Kasha linapokuwa na thamani kuliko kusikia, kilichobadilika ni mwenye kasha.

Soko lenyewe hufuata uhaba, na uhaba mara nyingi hutokana na udhaifu. Marekani, CD za kwanza ziliuzwa ndani ya boksi la karatasi lenye urefu wa sentimita 30 hivi, ili zikae kwenye rafu zilizotengenezwa kwa santuri na zisiibwe kirahisi. Mnunuzi alilichana na kulitupa. Kampuni kubwa ziliachana nalo Aprili 1993 baada ya malalamiko ya uchafuzi wa mazingira, na leo boksi lisilochanwa hutafutwa kwa sababu lilitengenezwa litupwe. Utepe wa karatasi unaovishwa ubavuni mwa CD za Japani, uitwao obi, umepata bei kwa njia hiyohiyo. Mwaka 2015 Wu-Tang Clan waliuza nakala moja pekee ya Once Upon a Time in Shaolin, CD mbili ndani ya sanduku la nakshi lililotengenezwa na msanii Yahya, kwa dola milioni 2. Muziki unaoweza kunakiliwa bila mwisho ulifanywa adimu kwa sanduku na kwa mkataba. Waliofanya hivyo walitaka muziki uthaminiwe kama mchoro, na nia yao haikuwa mbaya, lakini matokeo yake ni kwamba walio wengi wamebaki na habari za sanduku.

Kasha lina kazi nyingine ambayo wakusanyaji wa nchi tajiri huipuuza, nayo ni kuthibitisha uhalali. Tanzania ilianza mwaka 2013 kutumia stempu za kodi za Mamlaka ya Mapato (TRA) kwenye kazi za muziki na filamu, ili mnunuzi aweze kutofautisha nakala iliyolipiwa na ya wizi kwa kutazama kasha. Stempu ndogo ya namna hiyo, mbele ya historia, ina uzito kuliko ulaini wa kingo za plastiki: inaeleza ni nani aliyepaswa kulipwa.

Linabaki swali la vitendo, la nini muuzaji anatakiwa kusema. Fikihi ya biashara humpa mnunuzi haki ya kurudisha bidhaa kwa aibu iliyofichwa. Aibu hiyo, kwa Shafi, ni kila kinachopunguza thamani, au kinachokipunguza kitu chenyewe kiasi cha kumkosesha mtu lengo sahihi, pale ambapo jinsi ya kitu hicho kwa kawaida haina upungufu huo. Kipimo ni desturi ya watu wa bidhaa hiyo. Kwa hiyo kasha lililobadilishwa, karatasi ya nyuma iliyochapwa upya nyumbani, nailoni iliyorudishwa kwa mashine, vyote ni aibu anapouziwa mkusanyaji, hata kama muuzaji anaona ni vitu vidogo, kwa kuwa soko la wakusanyaji linavipunguzia bei. Karatasi iliyochapwa upya inatakiwa kutajwa kwa kila mnunuzi, maana inajidai kuwa ushahidi. Kasha jipya la plastiki halihitaji maelezo kwa anayenunua ili asikilize garini, ilimradi meno yake yanaishika diski.